Redio ya Dakta

Cherehani yangu hukaa kwenye baraza ya duka la dawa, mtaani Mbotela, upande wa kushoto unapoingia, mahali ambapo jua la asubuhi hufika mapema na la mchana halifiki kabisa. Mwenye duka alinipa nafasi hiyo mwaka niliomaliza kidato cha nne na kupata yale matokeo ambayo mama aliyakunja na kuyakunja mpaka yakawa madogo kama kidonge, akayatia sandukuni, tusiyazungumzie tena. Kazi yangu ni kukunja mapindo, kubana sketi, na kupunguza suruali za watu walionunua mitumba ya watu warefu kuliko wao. Ndoto zangu ni kubwa zaidi ya hapo, lakini kila ndoto na zamu yake.

Mwenye duka ni mfamasia. Mtaani hakuna anayelitumia neno hilo. Sisi humwita Dakta. Zamani alikuwa akiwasahihisha watu, kwamba yeye si daktari, yeye amesomea dawa, nao humsikiliza kwa heshima mpaka mwisho kisha wanasema, "Sawa, Dakta." Mwishowe akalikubali jina hilo kama mtu anavyokubali mvi.

Alizaliwa safu mbili nyuma ya duka lake, kwenye nyumba aliyokaa baba yake alipokuwa akifanya kazi reli. Watu wa magharibi, wa kanisa sana, wa chai ya maziwa mengi. Akasoma, akaingia chuo kikuu, na majirani wakajua huyo basi amekwenda, maana ukishasoma hivyo unahamia upande ule mwingine wa mji, unarudi Krismasi na gari. Yeye akarudi na makopo ya dawa. Alifungua duka pale pale alipokuwa akichezea mpira wa makaratasi, na wale waliokuwa wakimfukuza asiwavunjie madirisha ndio wakawa wateja wake wa kwanza.

Sauti yake ni ya chini. Si kwamba haina nguvu; kanisani huimba besi mpaka viti vinatetemeka. Lakini akizungumza na mtu huinama, anashusha sauti, hata wewe unajikuta umeinama pia. Ni mazoea ya kaunta. Na ili uelewe kaunta ile, lazima kwanza nikueleze habari ya benchi.

Duka ni dogo. Benchi la wanaongoja limeegemea ukuta, na kutoka hapo mpaka kaunta ni kama kutoka kitandani mpaka mlangoni. Wanaokaa kwenye benchi si wageni. Ni mama mwenye nyumba, ni mzee wa kanisa, ni shangazi wa yule kijana anayetaka kukuoa. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kwenye benchi lile niligundua hata masikio hayana. Mtu akifika kaunta na kuinama kumwambia Dakta shida yake, benchi zima hunyamaza kama kwamba sala imeanza.

Siku moja, nikiwa bado mgeni pale barazani, aliingia msichana wa rika langu. Akafika kaunta, akageuka kutazama nyuma. Benchi kimya. Hata mama wa mandazi, ambaye kibanda chake kiko mkabala na duka na ambaye huja kukaa kwenye benchi lile hata akiwa mzima, aliacha kutafuna. Msichana akasema anataka peremende za koo. Dakta alimtazama, na hata mimi kutoka barazani niliona kwamba koo la msichana halikuwa na neno.

Sasa, redio ya duka ilikuwa imehamia kwangu. Mle ndani ilikuwa ikikoroma tu, kwa sababu ya wavu wa chuma na mabati, hivyo Dakta alikuwa ameitoa akaiweka kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, ambako ilishika stesheni papo hapo. Basi aliinua kile kijisu chake butu cha kuhesabia vidonge, akagonga kioo cha kaunta, ko-ko, akanitazama juu ya miwani, kisha akahamisha macho yake kwenye redio. Nikaelewa. Nikapandisha sauti. Rumba ikajaa mle dukani mpaka chupa za dawa ya kikohozi zikaanza kutikisika. Msichana akainama kwenye kaunta akasema alichokuja kusema. Mimi niliona tu mabega yake yakishuka. Mpaka leo sijui alitaka nini, na napenda kwamba sijui.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Ko-ko, nami napandisha. Ko-ko tena, napunguza. Mtaani nao wakatunga maneno yao. Mtu akiwa na ugonjwa wake wa siri, husemwa, "Huyo juzi alipandishiwa redio," na hapo mazungumzo yamekwisha, kwa sababu hakuna mwenye zaidi ya hapo. Kuna fundi mmoja wa mabomba aliyekuja kununua dawa ya kichwa, na Dakta, kwa kumwona anasitasita, akagonga kioo. Nilipopandisha yule fundi aliruka kama aliyemwagiwa maji. Mama mkwe wake alikuwa kwenye benchi. Akaanza kushindana na muziki, "Ni ya kichwa, Dakta, ni kichwa tu, mwambie apunguze," na kadiri alivyojitetea ndivyo mama mkwe alivyozidi kutikisa kichwa. Wiki nzima alikuwa akisimamisha watu njiani kuwaonyesha vidonge.

Hayo ndiyo maisha niliyodhani yatakuwa yetu siku zote. Kisha akaja nyanya mmoja na karatasi kutoka kituo cha afya cha mtaa.

Kituo chenyewe kipo. Manesi wapo, mizani ya watoto ipo. Lakini dirisha la dawa lilikuwa limefungwa muda mrefu hivi kwamba kuna mtu alishaanza kuanika nguo kwenye vyuma vyake. Ukienda unapimwa vizuri, unaandikiwa vizuri, unaambiwa ukanunue nje. Nje ndiko kwa Dakta. Mfanyabiashara mwingine angeshukuru Mungu. Yule nyanya aliweka karatasi yake juu ya kioo akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayechagua mboga:

"Mwanangu, kati ya hizi tatu, ni ipi ninayoweza kuiacha?"

Hakutaka redio. Dakta alimfungia zote, akamsindikiza mpaka nje, kisha akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikwenda kituoni kuuliza habari ya dirisha. Huko wakamwambia mambo hayo yako juu, amwone mheshimiwa, yaani mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti. Akaenda ofisini kwa mheshimiwa. Aliporudi jua lilikuwa limeshuka, akasimama kando ya cherehani yangu akaniambia kwamba ameketi kwenye benchi refu kuliko letu, na hata redio hawana.

Haukupita muda akatuambia kwamba atagombea kile kiti. Mke wake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hacheki ovyo, alicheka mpaka akaomba kiti. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa amekwisha kujiandikisha kama mgombea huru, na alama aliyochagua ilikuwa kijiko.

Kijiko kilitusaidia sana. Mkuu wa kampeni alikuwa kijana wa bodaboda mwenye mdomo wa kuuza barafu wakati wa baridi, na yeye ndiye aliyetunga mwito. Akipita kwenye vichochoro alikuwa akiita, "Kijiko," na watoto wote wanajibu, "Kutwa mara tatu." Baada ya wiki hivi hata watoto wa mpinzani wetu walikuwa wakijibu. Mimi nilishona bendera, nikashona vitambaa vya kichwani, nikashona na vijiko vya kitambaa cha rangi ya fedha vya kubandika kwenye mashati. Sijawahi kuwa na furaha hivyo kazini. Nilikuwa nikilala naota nimefungua duka la mavazi Njiru, kule kunakojengwa majumba mapya kila kukicha, dirisha lote la kioo, na mbele ya kioo sanamu imevaa suti niliyoshona mimi.

Shida ilikuwa ile sauti. Dakta alipopewa kipaza sauti mara ya kwanza alikiinamia kama mgonjwa, akakinong'oneza. Watu wa nyuma wakadhani spika zimekufa. Tukaanza kumfundisha. Jioni baada ya kufunga alisimama mlangoni, mimi nikasimama kwenye tangi la maji, na sharti lilikuwa kwamba nikiinua mkono maana yake sijasikia. Mkono wangu ulikaa juu mpaka ukafa ganzi. Yule wa bodaboda akamwambia, "Buda, wewe fikiria umeibiwa." Dakta alifikiria, akasema kwa sauti ile ile kwamba akiibiwa angeripoti. Tukaacha.

Na bado watu walikuwa wakimpenda. Tungefika hivyo hivyo na vijiko vyetu kama si yale maneno yaliyoanza kuzunguka.

Sijui nani aliyeyaanzisha. Mheshimiwa mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Hakukosa mazishi hata moja, na akikukuta njiani anakuuliza habari za mama yako. Lakini watu wake walikuwa na kazi ya kulinda. Maneno yalikuwa haya: mwanasiasa ni mdomo, na huyu ana siri za wadi nzima. Mpeni kipaza sauti muone. Leo anajua unameza nini, kesho mkikosana kwenye mkutano atawasomea wote. Yalipita kwenye saluni, yakapita sokoni Jericho, yakarudi kwetu yakiwa yamenenepa. Mpaka ikawa inasemwa kwamba ameshaanza, kwamba kuna mama mmoja alitajwa, ingawa huyo mama hakuna aliyemjua.

Benchi likaanza kupungua. Kwanza walitoweka wasichana, kisha akina mama, kisha wazee. Nikawa nawaona wateja wetu wa miaka wakipita na vifurushi vidogo kutoka maduka ya ng'ambo ya Jogoo Road, wamegeuza nyuso kana kwamba kuna kitu cha kutazama upande wa pili. Mama wa mandazi ndiye aliyebaki kwenye benchi, lakini yeye hakuwa na ugonjwa. Redio ikawa inacheza sauti moja kutwa nzima. Hata mimi kazi ilipungua, maana wengi walikuwa wakileta suruali kwa sababu wanapitia dawa.

Siku moja mke wa Dakta alikuja dukani mchana. Waliongea pale kaunta bila kificho, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Mkewe alimwomba aachane na kiti kile. Alimwambia watu wakishaogopa hawatazami kura wala nini, na duka hili ndilo lililosomesha watoto wao. Dakta alikuwa akipanga makopo yaliyokuwa yamekwisha kupangwa. Nilitegemea atasema habari za dirisha, za nyanya, za maendeleo. Hakusema hayo.

"Kura nikikosa, nitarudi hapa kaunta," alisema. "Watu wakiacha kuniamini hapa kaunta, nitarudi wapi?"

Nami nilishusha kichwa nikashona mshono ambao haukuwa na haja ya kushonwa, maana machozi yangu huwa karibu.

Ilibaki mkutano mmoja wa mwisho, Jumapili alasiri, kwenye uwanja wetu hapa nyuma. Yule wa bodaboda alikuja amewaka. Alisema dawa ya moto ni moto. Alikumbuka, kama wengi tulivyokumbuka, kwamba mheshimiwa mwenyewe wakati fulani alifika dukani kwetu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na redio ikalia. Ikalia wimbo mzima na taarifa ya habari juu yake. Akamwambia Dakta atoe hiyo moja tu, jukwaani, na kiti ni chake.

Dakta alimuuliza kama pikipiki yake ina mafuta, kwa sababu angependa aende akatembee kidogo.

Basi yule kijana akanigeukia mimi. "Sasa wewe, msupa, ulikuwa hapo nje. Jamaa alinunua nini?"

"Nilisikia hali ya anga," nikamwambia. "Mvua sehemu za magharibi."

Na ni kweli, hicho ndicho nilichosikia.

Jumapili ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, lakini walikuwa wamekaa mbali, kwenye kivuli cha kuta, mikono imekunjwa, kama watu waliokuja kuangalia ajali. Tulikuwa tumetoa meza yangu ya kukatia vitambaa ikawa meza ya mgombea. Spika tulizokodi niliziunga kwenye redio ile ile ya dukani, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya muziki, maana nani mwingine alizijua tabia zake. Dakta alivaa shati jeupe nililomshonea kijiko kifuani. Kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kijiko changu, kulikuwa na kile kijisu cha vidonge. Huwa hakiachi, hata kanisani.

Alianza. Alisema habari za kituo cha afya, na wa mbele walisikia. Kisha kutoka upande wa kulia, walikosimama vijana waliovaa kofia za mheshimiwa, mmoja akaweka mikono mdomoni akapiga kelele kwamba Dakta aache hadithi za madirisha. Kama yeye ni mkweli, awaambie watu hapa na sasa mheshimiwa alinunua dawa gani kwake. Na kama anaogopa kumtaja mheshimiwa, basi ataje mwingine yeyote, maana wote anawajua.

Uwanja ulinyamaza. Nimeishi na kimya kile miaka yote, ningekitambua popote. Kilikuwa kimya cha benchi. Watu walikuwa wamenyoosha shingo, na wakati huo huo nyuso zao zilikuwa na hofu, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa na lake lililowahi kuzungumzwa chini ya rumba. Kijana wa bodaboda alikuwa akimtazama Dakta kwa macho ya kuomba. Mke wa Dakta alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Dakta aliinama mbele. Akatoa kijisu mfukoni, akagonga meza, ko-ko.

Mkono wangu haukuniuliza. Mpaka akili yangu ifike, redio ilikuwa imepanda hadi mwisho, na zile spika za kukodi hazikuwa mchezo. Rumba ilitoka pale kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Njiwa waliruka kutoka kwenye paa zote za Mbotela. Dakta alifungua mdomo akasema kitu ambacho hakuna binadamu aliyekisikia, akanigeukia na macho yale ya juu ya miwani, na mimi nikajua nimemharibia. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na cherehani.

Kisha nikamsikia mama wa mandazi. Kicheko chake kina mlio wa sufuria ikianguka. Alianza peke yake, amejishika tumbo, akinyoosha kidole kwenye redio, kisha akina mama waliokuwa karibu naye wakaelewa, kisha wazee ukutani, kicheko kikazunguka uwanja kama moto wa nyasi. Yule fundi wa mabomba alikuwa akipiga makofi juu ya kichwa, akimwambia kila mtu aliye karibu kwamba hata yeye alipandishiwa, tena kwa kichwa tu. Wakaondoka kwenye kuta. Mzee wa kanisa, sitamsema zaidi ya hapo, alianza kuyumbisha kiuno kwa heshima. Wale vijana wa kofia walikuwa wakiendelea kupiga kelele, midomo inafunguka na kufungika, na hakuna kilichotoka ila gitaa.

Dakta aligonga tena, nikapunguza. Watu walikuwa wamesogea mpaka kwenye meza. Hakuhitaji kupaza sauti tena.

"Nilitaka kuwaomba mtulie," alisema. "Lakini huyu msichana amejibu vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga."

Kisha akarudi kwenye habari ya dirisha, akaeleza kwa sauti yake ya kaunta, nao wakamsikiliza wameinama, uwanja mzima umeinama. Niliwaza kwamba labda ndivyo tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo, badala ya kunisimamisha kwenye tangi.

Asubuhi ya Jumatatu nilipofika kufungua cherehani, kulikuwa na mwanamke amekwisha kukaa kwenye benchi, kitambaa kimeshuka mpaka machoni. Nilimjua. Alikuwa mmoja wa wale wa ng'ambo ya Jogoo Road. Hakunisalimia. Aliniambia tu, akiangalia ukuta, "Washa hiyo kitu yako." Dakta alikuwa bado anavaa koti jeupe, na mikono yake ilikosea mkono wa koti kwa furaha. Mpaka saa ya chai benchi lilikuwa limejaa, na mama wa mandazi analalamika kwamba watu wamemnyang'anya mahali pake.

Kura tulishinda. Ningeweza kusimulia ile foleni ya alfajiri na baridi na wino kidoleni, lakini kusema kweli, mimi nilikuwa nimekwisha kushangilia ile Jumatatu.

Ninachopenda kukumbuka ni suti. Dakta alikuja barazani na kitambaa cha kijivu chini ya kwapa akaniambia nimshonee ya kuapishwa. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu wa mapindo, koti sijawahi kushona. Akasema naye ubunge wa kaunti hajawahi kufanya. Nilishona, nikafumua, nikashona. Siku ya kuapishwa niliketi juu walikokaa wageni, pamoja na mke wake, na nilipomwona amesimama mbele ya watu wote wale niliona kilichonikwepa kwenye kipimo: mkono wa kulia wa koti ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto. Naye alikuwa amekiona zamani, maana alikunja kiwiko kidogo, mkono ukakaa sawa, na hivyo ndivyo alivyosimama mpaka mwisho. Aliapa kwa sauti ya chini hivi kwamba walimwomba arudie. Mkewe akaninong'oneza, "Mwambie agonge," nikajifunika uso kwa mkoba.

Sasa ni mheshimiwa. Mle katika bunge la kaunti, wanasema, akisimama kuzungumza wenzake huacha simu zao wakainama, la sivyo hawaambulii kitu. Dirisha la kituo cha afya lilifunguliwa baada ya safari nyingi; yule aliyekuwa akianika nguo ilibidi atafutiwe kamba. Si kwamba dawa zipo kila siku. Zipo siku nyingi kuliko zamani, na zikikosekana, watu wanajua ni nani wa kumsimamisha njiani, nao humsimamisha, hata akitoka kanisani na Biblia mkononi. Yule nyanya hupita mbele ya duka letu na mfuko wake kutoka kituoni, anatupungia, haingii. Dakta hufurahi sana kumpoteza mteja yule.

Siku za kazi kaunta inashikwa na binti aliyesomea dawa kama yeye, mpole pia, ameshafundishwa kugonga. Jumamosi Dakta huja mwenyewe. Anavua koti la kijivu, anavaa jeupe.

Jumamosi moja isiyo mbali benchi lilikuwa limejaa, nami nilikuwa nikikata gauni la harusi, la kwanza maishani mwangu, la msichana wa Jericho aliyeiona ile suti na akaipenda pamoja na mkono wake. Akaingia mheshimiwa wa zamani. Hakuwa na kofia. Alisalimia benchi zima, mmoja mmoja, akauliza habari za mama zao, akaketi pembeni kungoja zamu yake kama mtu mwingine yeyote. Zamu ilipofika akasimama. Walishikana mikono juu ya kioo, wakakawia kuachana. Benchi likanyamaza.

Ko-ko.

Nikapandisha. Waliinama pale kaunta vichwa karibu vigusane, mheshimiwa na mheshimiwa, na mimi nikakanyaga cherehani yangu nikaendelea na kitambaa cheupe. Mama wa mandazi alivumilia kidogo, kisha akajisogeza mpaka mwisho wa benchi, karibu na mlango, akanivuta ukosi.

"Punguza kidogo tu, mami. Kichwa kinaniuma."

"Dawa ya kichwa iko hapo ndani, mama," nikamwambia. "Ngoja zamu yako."

Nikaongeza kidogo zaidi, maana wimbo wenyewe ulikuwa mtamu.